Dondoo muhimu: Kusaka sarafu za kale penye takataka kwa mashine ya kutambua metali, Gitega na Muyinga, Burundi

Hela za Kijerumani na faranga za Kibelgiji hujificha chini ya vizibo vya bia, misumari na vipande vya mabati.

1. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na mkuu wa kilima. Muyinga kuna dhahabu, na mwenye mashine asiyejieleza hudhaniwa mchimbaji haramu.
2. Funga koili ndogo, uipitishe polepole.
3. Usizime sauti zote za chuma. Sarafu iliyolala kando ya msumari nayo itanyamaza.
4. Mashine ikilia, geuka robo duara upitishe tena. Mlio ukibaki uleule, chimba. Ukikatikakatika, huenda ni kizibo.
5. Usidharau mlio wa chini: hela 10 yenye tundu, ya 1908 hadi 1914, ni ya shaba na nikeli, hulia karibu kama karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara.
6. Chimbua kwa mwiko kuanzia pembeni. Jembe hukwaruza sarafu.
7. Ukiona guruneti au kitu usichokijua, usikiguse! Vita vya 1993 hadi 2005 viliacha mabaki. Rudi ulikopita, uite polisi.
8. Suuza kwa maji tu. Limau na mchanga huharibu.
9. Fukia shimo, na vizibo uondoke navyo.