Kikapu cha mavuno: somo la Biblia kwa vikundi

Somo hili litawasaidia washiriki wanaotaka kuandaa na kuongoza wenyewe ibada ya sikukuu ya mavuno.

Soma Kumbukumbu la Torati 26:1-13

Kuhani anapokea kikapu, lakini anayezungumza ni mkulima aliyekileta. Haanzi na habari za mvua wala wingi wa mazao. Anaanza na historia: baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, wazee wake waliteswa Misri, Mungu akasikia kilio chao akawatoa. Kisha anafurahi pamoja na mgeni (mstari wa 11). Kila mwaka wa tatu, zaka inawaendea Mlawi, mgeni, yatima na mjane, nao wale washibe. Anayekumbuka mateso ya wazee wake hawezi kumfungia mgeni mlango.

■ Kwa nini mkulima alitakiwa kusimulia historia hii siku ya furaha?
■ Katika eneo letu, ni nani wanaolima na kuvuna lakini hawashibi?

Historia ya mahali petu

Huko Zanzibar, kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa hadi mwaka 1897. Kwa miaka 24 soko lilikuwa limefungwa, huku watumwa wakiendelea kuchuma karafuu mashambani. Jambo linaweza kuonekana limekwisha, kumbe bado linaendelea mahali pengine.

■ Ni nani waliofanya kazi katika ardhi yetu bila kulipwa haki yao, au waliohamishwa kutoka kwenye ardhi hiyo?
■ Je, kuna dhuluma tunayosema imekwisha, lakini bado ipo?

Kuandaa ibada

■ Mwombeni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, asimulie historia ya mahali penu. Mtembeleeni mapema, mkubaliane naye yapi yatasemwa hadharani, maana mengine bado yana uchungu.
■ Kijana asome Maandiko. Kibarua wa shambani aombe kwa maneno yake mwenyewe.
■ Kabla ya mnada wa mazao, tengeni fungu la wasio na shamba. Amueni pamoja nao namna ya kuligawa, ili asiaibishwe mtu.

Baada ya ibada, kutaneni tena na mjiulize: ni jambo gani moja tutakalobadilisha kabla ya msimu ujao wa kupanda?