Barua ya Utoro kwa Mtoto Aliyekuwa Darasani

Februari moja, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliingia kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu, shule ya msingi, na bahasha mkononi. Hata salamu hakuimaliza. "Mwalimu, hebu soma hii." Ilikuwa barua kutoka sekondari ya kata aliyopangiwa mwanawe, ikimwita mzazi aje aeleze kwa nini mtoto ni mtoro. Wiki mbili mfululizo hakuonekana kwenye mahudhurio. "Na mimi kila asubuhi namfikisha getini mwenyewe, namwona kwa macho yangu anaingia!"

Kesho yake tulikwenda wote. Kijana tulimkuta darasani, dawati la pili, shati kachomekea, daftari kafungua. Hakukosa hata siku moja. Kumbe mwalimu wa darasa alikuwa akiita majina matatu, kama yalivyoandikwa kwenye orodha ya waliochaguliwa, na mtoto yule, mwenye usonji, kwetu aliitwa Babu kwa miaka saba. Jina tulimpa sisi, kwa mapenzi. Akisikia majina yale marefu alidhani anaitwa mtu mwingine, akanyamaza zake. Wenzake wengi walitoka shule nyingine, nani angemsemea?

Sikuwa na wa kumlaumu. Nilikuwa naamini kwamba kazi ya mwalimu wa kitengo inaisha siku mtoto anapoweka kalamu chini kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtoto akaenda sekondari, na yote tuliyoyajua juu yake yakabaki kichwani mwangu.

Siku hizi naanza Septemba. Mtihani unafanyika mwezi huo, kidato cha kwanza kinafunguliwa Januari, na hapo katikati mtoto wa elimu maalumu hana mwenyewe: shule ya msingi imeshamuaga, sekondari haijamjua. Wazazi wengi huutumia muda huo kumpumzisha au kumpeleka kijijini kwa bibi. Apumzike, sikatai, ila wiki za Oktoba na Novemba ni za dhahabu, kwa sababu sekondari bado ina wanafunzi. Ukimpeleka mtoto kutembelea shule Desemba ataona majengo matupu, halafu Januari atakutana na watu mia kadhaa asiowatarajia.

Kwa shule ya kata, huna haja ya kusubiri majina yatoke. Unajua watoto wa mtaa wenu huenda wapi. Lakini kama mwanao anasoma kwa nukta nundu au anatumia lugha ya alama, usiache mambo yajiendee. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri mapema, kabla upangaji haujakamilika, uulize ni shule ipi yenye mwalimu na vifaa. Sekondari maalumu zipo, kama ile ya Patandi kule Arusha, na zipo za kawaida zenye vitengo. Kumhamisha mtoto baada ya kupangwa ni safari ndefu ya barua na mihuri.

Ziara ya kwanza naifanya fupi, tena siku ya kawaida ya masomo. Nataka mtoto asikie kengele. Shule nyingi kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inagongwa kwa nondo, na mlio wake unapasua masikio. Kijana mmoja aliposikia alikaa chini palepale akajiziba masikio. Mkuu wa shule, mzee mwenye busara, hakusema neno; alimpa nondo. Kijana akagonga mara moja, akatazama rimu inavyotikisika, akagonga tena. Kutoka hapo kelele ile ikawa kitu anachokijua kinakotoka.

Ziara ya pili tunatafuta vyoo, bomba la maji, na mtu mmoja mzima wa kumkimbilia. Mtu huyo si lazima awe mwalimu. Walimu wana vipindi, wanahamishwa, wanakwenda likizo ya uzazi. Nimeshapata msaada mkubwa kuliko wote kwa mlinzi wa geti na kwa mama anayeuza maandazi mapumziko.

Sasa suruali, na naomba msinicheke. Mvulana wa kitengo kavaa kaptula ya lastiki miaka saba. Januari anakabidhiwa suruali yenye kifungo, zipu na mkanda, juu yake tai. Mapumziko ni mafupi, foleni ya choo ndefu, na mkono wake mmoja hauna nguvu kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Mwanafunzi wangu mmoja alijikojolea wiki ya kwanza kwa sababu tu mkanda uligoma kufunguka, na jina la utani alilopewa siku ile lilimfuata mpaka kidato cha pili. Nunueni sare Novemba, avae nyumbani, afungue na kufunga kila siku. Ikishindikana, fundi cherehani atie lastiki kiunoni na mkanda ubaki pambo. Tai nayo ishonwe tayari na lastiki yake.

Lugha ndiyo mlima wenyewe. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza, na somo moja la Sayansi limekuwa matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Zile tuisheni za kujiandaa na kidato cha kwanza zinakimbizana na sarufi. Kwa watoto wangu sijaziona zikisaidia. Mimi nafundisha amri kama thelathini za darasani, kila moja na ishara yake: kaa, fungua daftari, leta kazi yako, nenda kwenye kundi. Madaftari tunayavika majalada ya rangi, kila somo na rangi yake, na ratiba ukutani nyumbani inafuata rangi hizohizo.

Na kila mtoto anaondoka na ukurasa mmoja. Usizidi mmoja, maana mwalimu mwenye wanafunzi sabini hatasoma faili. Majina ya ugonjwa nayaweka mstari wa mwisho. Juu naandika mambo ya kutenda: "Akiziba masikio si jeuri, mruhusu atoke dakika mbili. Asipojibu, msogelee umguse bega, sikio la kushoto halisikii. Akikwama usimwambie harakisha, muonyeshe mfano wa kwanza." Mstari wa juu kabisa, tangu mwaka ule wa barua, ni jina: nyumbani anaitwa hivi, kwenye orodha yupo hivi. Na kuanzia Septemba kitengo kizima tunamwita kwa majina yake matatu, hata kama ulimi unakataa.

Msisahau muda wa mtihani. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa. Ila kwenye majaribio ya kila mwezi ya shule hakuna anayekumbuka. Hilo liandikeni kwenye ukurasa, na nakala apewe mwalimu wa taaluma mkononi.

Kuhusu rafiki wa kumshika mkono: akiwepo wa kutoka shule yetu ni vizuri, lakini wawe wawili au watatu wanaopokezana. Mtoto mmoja akibebeshwa mwenzake mwaka mzima, atamchoka kabla ya Pasaka, na hana kosa.

Kama mwanao amefanya mtihani Septemba hii, nenda sekondari wiki hii kabla hawajafunga. Ulizia mwalimu wa taaluma, mpe ukurasa, na kabla hujaondoka mwambie jina ambalo mwanao huitikia.