Je, mbu nao wanagoma?

Swali: Mtafiti wa malaria kutoka Ifakara alituambia hapa Malinyi kuwa mbu wana “resistance”. Kitabu cha historia cha mwanangu kinalitumia neno hilohilo kwa Vita vya Maji Maji. Imekaaje?

Jibu: Neno moja, maana tofauti. Katika siasa ni upinzani wa kudhamiria: Wapogoro na Wambunga walipolishambulia boma la Wajerumani Mahenge mwaka 1905, walijua wanachokikataa. Kwa mbu ni usugu: dawa huua wengi, wachache wanaoihimili kimaumbile husalia na kuzaa. Mbu hajaamua lolote. Kwa fundi umeme ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Kiswahili kimeshatenganisha maana hizo kwa maneno matatu; tuyatumie. Na chandarua usikiache: mbu sugu hapiti kwenye kitambaa kizima.