Sauti ya Gari Ikipasuka, Usikimbilie Kununua Spika

Hapa Dar es Salaam, mtu akisikia muziki wa gari lake unakwaruza pindi anapopandisha sauti, wazo la kwanza ni kwenda Kariakoo kutafuta spika mpya. Mimi humsihi asubiri kwanza. Ni kweli mlio mbaya unatokea kwenye spika, lakini mara nyingi sauti inakuwa imeshaharibika kabla ya kuifikia. Nimeshapekua muziki wa magari ya ndugu na marafiki kwa miaka, na siku zote huanza na vitu visivyogharimu hata shilingi.

Anza na wimbo wenyewe. Nyimbo nyingi tunazorushiana kwenye simu zimebanwa mno, na nyingine zimepasuka tangu studio. Weka kwenye fleshi wimbo mmoja safi unaoujua vizuri, halafu jaribu na stesheni ya FM. Kama unatumia waya wa AUX, punguza sauti ya simu kidogo isiwe mwisho kabisa. Mkwaruzo ukiisha, hujaharibikiwa na kitu.

Ukibaki, rudisha besi na trebo kwenye sifuri, na uzime vikorombwezo vyote vya kunenepesha sauti. Hapa ndipo kesi nyingi huishia, na sababu yake inafaa kueleweka. Ukipandisha besi kwa desibeli 6, unaidai redio nguvu mara nne kwa ngoma ile ile. Redio haina nguvu hiyo. Lile tangazo la "50W x 4" usoni mwake ni la kilele. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14, na kwa spika ya omu 4 redio isiyo na amplifaya ya nje haiwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 25 hivi kwa kila spika. Nyingi hazifiki hata hapo. Ukiendelea kupandisha, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na huko kukatwa ndiko tunakokusikia kama kupasuka. Twita huungua kwa namna hiyo, hata kama spika imeandikwa wati mia tatu.

Sasa tafuta mahali. Tumia balansi na feda za redio kupeleka sauti kwenye spika moja moja: mbele kushoto, mbele kulia, kisha nyuma. Zikipasuka zote kwa pamoja, kwenye namba ile ile ya sauti, achana na spika. Tatizo liko kwenye redio, amplifaya au umeme. Ikikwaruza moja tu, fungua mlango huo. Bonyeza koni ya spika kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, pande zote sawasawa. Koni nzima huingia na kurudi kimya. Ukisikia kitu kinasugua ndani kama msasa, koili imekwenda upande au imeungua, na hiyo kweli ni ya kubadilisha. Angalia pia ule ukingo laini unaoizunguka. Jua letu na unyevu wa milangoni huufanya upasuke. Usisahau waya unapopita kwenye bawaba ya mlango, maana hapo huchunika na kugusa bodi.

Kabla hujaihukumu spika, gandamiza kava la mlango kwa kiganja wakati muziki unapiga. Mlio ukikatika, ni klipu zilizopotea siku mlango ulipofunguliwa na fundi mwenye haraka. Klipu ni bei ndogo sana.

Magari yenye amplifaya yana hadithi yake. Rafiki yangu alikuwa na IST iliyofungwa amplifaya kwenye buti. Sauti ya wastani ilikuwa safi, lakini akipandisha, kila besi ilipogonga muziki ulichanika na taa ndogo ya amplifaya ikafifia. Dukani alishaambiwa anunue sabufa kubwa zaidi. Nikaweka multimita kwenye skrubu za umeme za amplifaya: besi ikigonga, volti zilianguka chini ya 11, ilhali kwenye betri zilikuwa 14 bila kutikisika. Nikafuata waya wa ethi. Boliti yake ilikuwa imekazwa juu ya rangi ya bodi, na rangi haipitishi umeme. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza upya. Volti zikatulia, na muziki ukatulia nazo.

Waya wa betri nao uchunguze. Kwangua ncha yake kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu ya unene huo huo.

Mwisho ni geini. Kitufe hiki si cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Ishushe yote, weka redio kwenye robo tatu ya sauti, kisha pandisha geini kwa bisibisi polepole. Ukisikia mkwaruzo wa kwanza, rudi nyuma kidogo, uache hapo. Kama redio yako ina HPF, yaani kichujio kinachozuia besi nzito, iweke hezi 80 kwa spika za milango, besi hiyo ibebwe na sabufa.

Ukishapita hatua zote hizi na bado unataka sauti kubwa kuliko gari linavyotoa, basi nunua amplifaya kabla ya spika, na fyuzi yake ifungwe karibu kabisa na betri. Bila fyuzi hiyo, waya ukichunika na kugusa bodi, gari linaweza kuwaka moto. Usikubali fundi aondoke kabla hujaiona kwa macho yako.