Sarafu ya Mwaka 1780 katika Minada ya Intaneti: Jinsi ya Kupima Ukweli wa Tangazo

UTANGULIZI

Ukusanyaji wa sarafu za kale ni shughuli yenye manufaa mengi kwa mwanafunzi. Kwa njia hiyo hujifunza historia, jiografia, hesabu na tabia za metali. Zamani mkusanyaji alinunua kwa mfanyabiashara aliyeketi mbele yake: aliishika sarafu, akaigeuza, akaipima uzito kwa kiganja na kusikiliza mlio wake. Tangu miaka ya 1990, hususan baada ya eBay kuanzishwa nchini Marekani mwaka 1995, sehemu kubwa ya biashara hiyo imehamia katika minada ya intaneti. Katika minada hiyo mnunuzi haishiki sarafu. Anachopewa ni picha na maneno tu.

Mkusanyaji mzoefu huyasoma maneno hayo kwa tahadhari. Anayeanza huyasoma kwa tamaa na matumaini, na mara nyingi hupoteza pesa. Jambo la kushangaza ni kwamba si lazima muuzaji aseme uongo ili amdanganye. Tangazo laweza kuwa na maneno ya kweli, neno baada ya neno, na bado likamwacha msomaji na imani isiyo ya kweli.

Katika makala haya tutalichunguza jambo hilo kwa kutumia sarafu moja, yaani reale ya Maria Theresa. Tutaona pia jinsi jaribio rahisi la fizikia linavyoweza kujibu swali moja muhimu, na kwa nini haliwezi kujibu jingine.

1. HISTORIA FUPI YA SARAFU HII

Maria Theresa alikuwa mtawala wa Austria na nchi nyingine zilizokuwa chini ya ukoo wa Habsburg. Alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Wakati huo sarafu yake kubwa ya fedha ilikwisha kupendwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na nchi za Uarabuni. Waliizoea sura yake, uzito wake na usafi wa fedha yake, na hawakuwa tayari kupokea sarafu yenye sura nyingine. Kwa hiyo viwanda vya kupigia sarafu viliendelea kuitengeneza baada ya kifo chake, kwa sura ile ile na mwaka ule ule wa 1780.

Nchini Austria yenyewe sarafu hii iliacha kuwa pesa halali mwaka 1858, lakini ilizidi kupigwa kwa ajili ya biashara ya nje. Mwaka 1935 Italia, ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipata haki ya kuipiga mjini Rome. Kuanzia mwaka 1936 ilipigwa pia London. Brussels, Paris, Birmingham na Bombay nazo ziliipiga kwa nyakati mbalimbali. Hata leo kiwanda cha sarafu cha Vienna kinaendelea kuitengeneza na kuiuza. Idadi ya zote zilizokwisha kupigwa inahesabiwa kwa mamia ya milioni, na takriban zote zimeandikwa 1780.

Katika karne ya 19 sarafu hii ilitumika katika biashara ya Unguja na pwani ya Afrika ya Mashariki, na wenyeji waliiita reale ya Shamu. Katika Ethiopia na Uarabuni ilitumika kama pesa, na pia ilitobolewa ikavaliwa kama pambo.

Ieleweke kuwa sarafu hizi zilizopigwa baadaye si za bandia. Zilitengenezwa waziwazi na viwanda vinavyotambulikana, kwa fedha kamili. Udanganyifu huanza pale muuzaji anapomwacha mnunuzi aamini kuwa sarafu ya miaka ya karibuni ina umri wa zaidi ya miaka 200.

2. JINSI TANGAZO LINAVYOJENGWA

Hebu tuchukue tangazo la mfano, lililotungwa kwa ajili ya somo hili:

"Sarafu halisi ya fedha, Maria Theresa, 1780. Adimu. Imetoka katika sanduku la marehemu babu. Mimi si mtaalamu; tazama picha uamue mwenyewe. Mnada unaanzia dola 1. Ikiuzwa hairudishwi."

Tulichambue fungu kwa fungu.

(a) "1780." Namba hii imo katika sarafu, kwa hiyo muuzaji hakusema uongo. Lakini hakusema kuwa sarafu ilipigwa mwaka huo. Msomaji ndiye aliyejiongezea.

(b) "Halisi." Neno hili halina maana mpaka tuulize: halisi kwa lipi? Sarafu iliyopigwa Vienna mwaka jana ni kazi halisi ya kiwanda cha Vienna, nayo ni fedha halisi. Kinachokosekana ni uhalisi wa umri.

(c) "Adimu." Kitu kilichotengenezwa kwa mamia ya milioni hakiwezi kuitwa adimu bila maelezo. Zipo aina chache za sarafu hii ambazo ni adimu kweli, lakini muuzaji mwenye aina hiyo huitaja kwa alama zake.

(d) "Sanduku la marehemu babu." Habari hii haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kazi yake ni kuamsha picha ya ukale katika mawazo ya mnunuzi.

(e) "Mimi si mtaalamu." Haya ni maneno ya kujivua wajibu. Mnunuzi na atazame vitu vingine vinavyouzwa na mtu huyo huyo. Anayeuza sarafu mia moja kwa mwezi si mgeni wa sarafu.

(f) "Mnada unaanzia dola 1." Bei ndogo ya kuanzia huwavuta wengi, na wengi wakishindana kila mmoja huchukua dau la mwenzake kuwa ushahidi wa thamani. Wapo hata wauzaji wanaowatumia rafiki zao kupandisha dau, jambo ambalo masharti ya minada hulikataza.

(g) "Tazama picha." Picha yaweza kuwa na giza, au ikawa ya sarafu nyingine kabisa.

Mbali na maneno hayo, yapo majina ya metali yanayopotosha. "Fedha ya Kijerumani" ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Haina fedha hata kidogo. Vitu vinavyouzwa kwa jina la "fedha ya Tibet" mara nyingi huwa na fedha kidogo sana au hawana kabisa. Na "iliyopakwa fedha" ina ngozi nyembamba tu ya fedha juu ya metali rahisi.

3. JARIBIO: JE, NI FEDHA KWELI?

Reale ya Maria Theresa ina vipimo vinavyojulikana. Tungamo lake ni gramu 28.07, kipenyo chake ni milimita 40 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za metali yake, sehemu 833 ni fedha na zinazobaki ni shaba. Densiti ya fedha ni gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, na ya shaba ni 8.96. Kwa kukokotoa, densiti ya aloi hiyo ni 10.2 hivi. Ujazo wa sarafu basi ni 28.07 ÷ 10.2, yaani sentimita za ujazo 2.75.

Vifaa: mizani ya elektroni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu au ndogo zaidi, bilauri ya maji, uzi mwembamba, na sarafu.

Utaratibu:
(i) Pima tungamo la sarafu ikiwa kavu, uliandike.
(ii) Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, kisha rudisha usomaji kwenye sifuri.
(iii) Funga sarafu kwa uzi, uizamishe yote majini. Isiguse chini wala kando, na visibaki vipovu vya hewa.
(iv) Andika usomaji mpya wa mizani.
(v) Gawanya tungamo la kwanza kwa usomaji huo.

Maelezo: maji huisukuma sarafu kwenda juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Sarafu nayo huyasukuma maji kwenda chini kwa kani hiyo hiyo, na mizani huionyesha. Kwa kuwa gramu moja ya maji ina ujazo wa sentimita moja ya ujazo, namba inayosomeka kwenye mizani ndiyo ujazo wa sarafu.

Sarafu nzima ya fedha itatoa usomaji wa 2.75 hivi. Sasa tuchukue nakala ya "fedha ya Kijerumani," ambayo densiti yake ni 8.7 hivi. Mwigaji akiitengeneza kwa ukubwa sawasawa, itakuwa na gramu 24 tu na mizani itamfichua. Akiifanya iwe na gramu 28.07, ujazo wake hauna budi kufika 3.23; kwa hiyo itakuwa nene au pana kupita kiasi. Hawezi kuupata uzito na ukubwa pamoja kwa metali hiyo.

Hata mizani ya sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Ikisoma 2.7 densiti itakuwa 10.4, na ikisoma 2.8 itakuwa 10.0. Namba zote mbili ziko mbali na 8.7.

Wengine hutegemea sumaku. Ni kweli kwamba sarafu inayovutwa na sumaku si ya fedha. Lakini shaba, risasi, zinki na "fedha ya Kijerumani" hazivutwi pia. Kwa hiyo sumaku yaweza kukataa, lakini haiwezi kuthibitisha.

4. MPAKA WA JARIBIO

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kuwa mwangalifu. Tuseme jaribio limetoa 10.2. Je, amenunua sarafu ya mwaka 1780? Hapana. Sarafu iliyopigwa Rome mwaka 1936 itatoa 10.2, na iliyopigwa Vienna miaka ya karibuni itatoa 10.2 vile vile. Densiti hueleza metali ni gani. Haielezi ilipigwa lini. Anayesema "nimeipima, ni fedha, basi ni ya kale" amepata jibu sahihi la swali moja akalitumia kwa swali jingine.

Swali la umri hujibiwa kwa njia nyingine. Wataalamu hulinganisha alama ndogo ndogo, kama vile lulu za kifungo cha joho la malkia na manyoya ya mkia wa tai, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na mihuri yake yenye tofauti zake. Kazi hiyo huhitaji picha safi za pande zote mbili na za ukingo wenye maandishi. Muuzaji anayekataa kutoa picha hizo amekwisha kumpa mnunuzi jibu.

5. MADHARA KWA JAMII

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alieleza kuwa muuzaji anapoijua bidhaa na mnunuzi asipoijua, soko lenyewe huharibika. Mnunuzi, kwa hofu ya kudanganywa, hukataa kulipa bei kamili. Mwenye bidhaa nzuri huona hasara akajitoa, na sokoni hubaki bidhaa mbaya. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hivyo tangazo la hila humwumiza anayeanza, na humwumiza pia muuzaji mwaminifu aliyeandika wazi, "Hii ilipigwa baadaye."

Sheria zimejaribu kusaidia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 iliamuru kila nakala ya kuigiza sarafu ichapwe neno lenye maana ya "nakala," na mwaka 2012 eBay ilipiga marufuku uuzaji wa nakala hizo. Lakini hakuna sheria inayoweza kumsomea mnunuzi tangazo. Kabla ya kutoa dau, na ajiulize: Jambo gani limesemwa? Lipi nimejiongezea? Lipi laweza kupimwa? Na fedha iliyomo, gramu 23.4, ina bei gani leo? Akiamua kulipa zaidi ya bei hiyo kwa kiasi kikubwa, na awe na ushahidi unaoitetea nyongeza.

MAZOEZI

1. Sarafu iliyotangazwa kuwa reale ya Maria Theresa ina gramu 28.0, na ilipozamishwa mizani ilisoma 3.3. Tafuta densiti yake. Je, ni fedha?

2. Tangazo lasema sarafu "imevikwa miligramu 31 za dhahabu safi." Eneo la uso wake wote ni sentimita za mraba 18, na densiti ya dhahabu ni 19.3. Tafuta unene wa dhahabu hiyo.

3. Andika upya tangazo la Sehemu ya 2 kwa namna ambayo muuzaji mwaminifu angeliandika.

Majibu: (1) 8.5, si fedha ya kiwango hicho. (2) Sentimita 0.00009 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. (3) Mwalimu na awaongoze wanafunzi kujadili kila neno waliloliondoa, na sababu ya kuliondoa.