Ngozi ya Ndani ya Utumbo na Kuhara Damu Kusikokoma

Mtu aharapo damu na kamasi, watu husema mara moja kwamba ana amiba, na katika Afrika ya Mashariki pengine husema kweli. Lakini yako maradhi mengine mawili yenye dalili hizo, wala hayaambukizwi: ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao daktari Samuel Wilks wa London aliueleza mwaka 1859, na ugonjwa wa Crohn, ambao Burrill Crohn na wenziwe wawili wa New York waliuandika mwaka 1932.

Ili kuyafahamu maradhi haya, yapasa kwanza kuifahamu ngozi ya ndani ya utumbo. Ni nyembamba ajabu: safu moja tu ya seli zilizoshikamana ubavu kwa ubavu, na kila baada ya siku chache seli kuukuu huondoka, mpya zikashika mahali pake. Kazi yake ni ngumu kuliko kazi ya ukuta, kwa maana ukuta huzuia vyote. Ngozi hii hupitisha maji na chakula kilichoyeyushwa, na papo hapo huzuia bakteria wasiohesabika wakaao tumboni. Baadhi ya seli zake hutoa ute. Katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili. Lile la ndani, likiwa zima, karibu halina bakteria.

Kwa mgonjwa, ute hupungua, maungio ya seli hulegea, na bakteria huifikia nyama iliyo chini. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huja kupigana, nazo huzidi kuijeruhi ngozi ile ile. Basi jeraha huleta uvimbe, na uvimbe hukuza jeraha. Lipi hutangulia, wataalamu hawajakata shauri. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa Crohn wamerithi kasoro katika jeni iitwayo NOD2, isaidiayo seli kutambua bakteria. Hata hivyo wengi wenye kasoro hiyo hawaugui kamwe.

Dawa za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni, huwafaa wagonjwa hawa, bali mwenye amiba akipewa dawa hizo peke yake aweza kutoboka utumbo na kufa. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana sana na Crohn. Ndiyo sababu daktari hupima choo kwanza, kisha huutazama utumbo kwa mpira wenye kamera, akakata kipande kidogo cha ngozi kitazamwe kwa darubini. Kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni hatari kubwa. Tena siku hizi madaktari hawaridhiki kuona kuhara kumekoma. Huitazama ngozi yenyewe, kwa kuwa ikipona hasa, ugonjwa hukawia kurudi.