Msikiti mmoja, kamati mbili: Tusuluhishane vipi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w). Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu Muislamu, ugomvi ndani ya jamaa ya msikiti haukuanza leo. Imepokewa katika Bukhari kuwa watu wa Qubaa waligombana hadi wakarushiana mawe. Mtume (s.a.w) alipopata habari hakungoja waje kumshitakia. Aliondoka na maswahaba kwenda kuwapatanisha. Riwaya nyingine inaeleza kuwa alipokwenda kuwasuluhisha Bani Amr bin Auf, ambao ndio wakazi wa Qubaa, wakati wa swala uliingia hajarudi, Abubakar (r.a) akatangulizwa kuswalisha.

Kwa nini Ufipa tujihadhari zaidi

Uislamu uliingia pande zetu kwa njia ya ziwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, kupitia bandari kama Kirando na Kasanga. Hadi leo Waislamu wa Rukwa ni wachache, na wenyeji wengi ni Wakatoliki. Dar es Salaam, ukikosana na imamu unavuka mtaa na kuswali kwingine. Katika vijiji vingi vya Ufipa msikiti ni huo huo mmoja. Ukigawanyika, wengine watabaki kuswali majumbani, na madrasa itakosa mwalimu kwa sababu hakuna wa kumlipa.

Tuseme ukweli kuhusu chanzo. Tunasikia wanagombania kunuti, maulidi au mwezi wa kuandama. Lakini Mashafii husoma kunuti katika Alfajiri, Mahanafi hawaisomi, na hawa wote ni Ahlus Sunna. Ibn Mas'ud (r.a) alimpinga Khalifa Uthman (r.a) kwa kuswali rakaa nne Mina, kisha akaswali nne nyuma yake kwa kuchukia mfarakano. Mara nyingi khitilafu ya fikihi ni kifuniko tu. Ukikifunua utakuta sanduku la sadaka lisilosomewa hesabu, na viongozi wasiotaka kuachia madaraka.

Lipo pia jeraha la kitaifa. Mwaka 1968 Serikali iliipiga marufuku EAMWS, na mwaka huo huo BAKWATA ikaundwa. Tangu hapo swali la nani msemaji wa Waislamu halijaisha. Ndiyo maana ugomvi mdogo wa funguo za stoo hugeuka haraka kuwa vita ya "watu wa BAKWATA" na "wapinzani wa BAKWATA".

Hatua za kufuata

Kwanza, tuhakikishe habari kabla ya kuibeba, kama tulivyoamrishwa katika Qur'an (49:6). Imamu asihukumiwe kwa maneno ya kibarazani.

Pili, hesabu zisomwe mbele ya jamaa kila mwezi, zibandikwe ukutani, na fedha zishikwe na zaidi ya mtu mmoja. Asiye na cha kuficha hapotezi kitu.

Tatu, kila upande utoe msuluhishi wake. Qur'an (4:35) imeagiza hivyo kwa mume na mke wanaogombana. Busara hiyo inafaa pia kwa jamaa ya msikiti. Wasuluhishi wawe watu wasiogombea cheo, na wanawake wanaochangia msikiti nao wasikilizwe.

Nne, hati ya kiwanja iwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA kwa Kabidhi Wasii Mkuu, isiwe kwa jina la mtu binafsi. Akifa, warithi wake wanaweza kudai kiwanja, na mahakama itatazama karatasi.

Tano, yakishindikana, shauri lipelekwe kwa masheikh wa wilaya au mkoa wanaokubaliwa na pande zote. Wizi na kupigana ni makosa ya jinai, na polisi wana kazi yao hapo. Lakini kuwaita polisi kuamua nani aswalishe ni kujidhalilisha wenyewe.

Kabla ya utume, Makuraishi walikaribia kuuana kwa kugombea nani alirudishe Jiwe Jeusi mahali pake. Muhammad (s.a.w) aliliweka juu ya nguo, kila ukoo ukashika ncha, wakalinyanyua pamoja, kisha akaliweka kwa mkono wake. Hakuna ukoo uliorudi nyumbani umeaibika.

Allah (s.w) ametuita ndugu na kutuamrisha tupatanishe baina ya ndugu zetu (49:10). Ijumaa hii, anayejua msikiti wenye kamati mbili asiende kuchagua upande. Aende kusuluhisha.

Wabillahi tawfiq.